Fahali wa Binroe na Saa ya Serikali

Watu wengine hubeba saa ili wajue wakati. Malachy Heneghan alibeba mbili ili watu wasigombane. Saa ya mfuko wa kulia wa kizibao chake ilikuwa ya serikali, na ya mfuko wa kushoto ilikuwa ya Mungu. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Oktoba, serikali ya Dublin ilisogeza mishale ya saa yake mbele, ikamtangulia Mungu kwa saa nzima, na kule Drumkeel hapakuwa na jambo lililowakera watu kama hilo. Treni, shule na posta vilikwenda kwa saa ya serikali. Misa, kiwanda cha maziwa na watu wote wa mlima Binroe walikwenda kwa saa ya Mungu, na wa Binroe walijisifia. Ukimwambia mtu mkutane saa nne, ilibidi useme saa nne ya nani. Usiposema, shauri yako.

Kazi ya Malachy ilikuwa kukagua mafahali. Msicheke, ilikuwa kazi ya heshima na yenye sheria yake. Sheria ilisema mtu asifuge fahali mpaka Idara ya Kilimo imtazame na kumpa leseni, ili nchi ipate ng'ombe wa maana. Fahali aliyefaulu alipigwa herufi moja sikioni akarudi nyumbani na maringo yake. Aliyeshindwa alipigwa herufi nyingine, na mwenyewe akapewa wiki chache amhasi. Hakuna mkulima aliyeipenda sheria hiyo, na hakuna aliyekosa maoni kuhusu mtu aliyetumwa kuitekeleza. Wengine walimwita Bwana Mkaguzi, wengine Bwana Fahali, na yeye aliitikia yote mawili.

Alizaliwa Roscommon, baba yake akiwa mchunga ng'ombe wa watu. Alijua kumsoma ng'ombe kabla hajajua kusoma herufi. Padri wa kwao aliona kipaji akamwandikia barua ya kumpendekeza, barua ikamfikisha chuo cha kilimo karibu na Dublin, na chuo kikamfikisha mezani kwenye Idara, enzi za mfalme wa Uingereza. Kisha nchi ikapigana, ikajitawala, ikapigana tena yenyewe kwa yenyewe, na Jumatatu moja Malachy akaja kazini akakuta meza ileile na penseli zilezile, ila kwenye mhuri taji limeondoka na kinubi kimekaa mahali pake. Alichonga penseli akaendelea. Wapo waliomcheka kwa hilo, lakini mimi naona nchi mpya inahitaji pia watu wa kuchonga penseli.

Drumkeel alipelekwa mwaka 1925. Alipanga chumba kwa Bi. Honor Durkan, mjane mwenye duka na chumba cha chai kilichotazamana na uwanja wa mnada. Hakukaa mwezi kabla watu hawajagundua kwamba huyu ni mtu wa serikali anayesikiliza. Basi walimsimamisha njiani na baiskeli yake kumuuliza mambo yasiyohusiana na fahali hata kidogo. Nyuki wangu wameruka ukuta wakatua kwa jirani, ni wa nani? Josho la kondoo litafunguliwa lini? Huyu Idara aliyenipa mbegu za viazi, nimwandikie nini kumshukuru? Malachy alishuka kwenye baiskeli, akatoa penseli, akaandika. Aliyoweza kuyamaliza aliyamaliza papo hapo, na mengine aliyapeleka Dublin, ambako yalikwenda kulala.

Kitu kimoja hakuwa nacho, nacho ni ulegevu. Mwaka mmoja, Krismasi ikikaribia, mtu alimfungia bata bukini mzima mzima kwenye baiskeli yake, na mtu huyo alikuwa na fahali wa kukaguliwa masika. Malachy aliendesha maili tisa kwenye mvua kumrudisha bata yule, na inasemekana njia nzima bata alikuwa anamnong'oneza sikioni. Fahali wa yule bwana alifaulu, maana alikuwa fahali mzuri. Lakini habari za bata zilienea, na tangu siku hiyo watu walimheshimu Malachy sana na kumwalika kidogo.

Ndiyo maana alifika miaka arobaini na mitatu bila mke. Bi. Honor hakukubaliana na hali hiyo. Kila Januari, kabla Kwaresima haijafunga mlango wa ndoa, alimletea majina mezani pamoja na uji wa shayiri. "Huyu ana ekari thelathini," angesema. "Huyu ana meno yake yote." Malachy alikula uji akashukuru. Moyoni alikuwa na jina moja, naye hakulitaja, kwa sababu mwenye jina hilo alikuwa na fahali.

Jina hilo lilikuwa Sabina Lavelle wa Binroe, mwanamke wa miaka thelathini na minne, aliyeachiwa na baba yake shamba la mawe, ng'ombe sita na ulimi usioogopa mtu. Malachy aliingia nyumbani kwake mara moja tu, kupeleka karatasi ya serikali kuhusu magugu ya mbigili. Sabina alimpa chai na yai la kuchemsha, akaisoma karatasi mpaka chini, akamwonyesha mahali ambapo Dublin walikosea kujumlisha. Malachy alishuka mlima ule akiwa amepotea kabisa. Miaka mitatu ilipita, na kila alipokula yai alimkumbuka.

Sasa tuje kwenye Aprili ya mwaka 1934. Wakati wa baridi fahali mzee wa Binroe alizama kwenye shimo la kinamasi akafa, na mlima mzima ukabaki na fahali mmoja tu, kijana wa Sabina aliyeitwa Jenerali. Mama yake Jenerali alikufa akimzaa, na Sabina alimlea kwa chupa kando ya moto wa jikoni, ndiyo sababu hata ukubwani alikuwa akiona mlango wazi anajaribu kuingia. Siku ya ukaguzi ilipangwa Jumanne. Jenerali akipata leseni, Binroe ina fahali. Akikosa, atahasiwa, na kila ng'ombe wa mlimani atakayehitaji dume itabidi ateremshwe maili saba hadi Drumkeel, na ng'ombe akihitaji dume hasubiri mtu afunge viatu. Sheria ilisema pia kwamba fahali asiyeletwa kabisa huhesabiwa amekataliwa.

Tangazo la ukaguzi, kama miaka yote, lilisema: saa nne hadi saa tano asubuhi. Kila mwaka Malachy alifungua daftari saa nne ya serikali, akakagua mafahali wa bondeni, kisha ikifika saa tano akakunja mikono akakaa saa nzima zaidi, maana kule mlimani saa tano ya serikali ni saa nne ya Mungu, na ndiyo kwanza watu wa huko wanaanza kuingia uwanjani. Na kwa kuwa hakujua kudanganya, aliandika kwenye ripoti: "Nilisubiri saa moja." Dublin walichukua miaka tisa kuisoma ripoti hiyo. Walipoisoma, walimtuma mtu.

Mtu huyo alikuwa Bwana Gerald Lombard, mrefu, amenyoa vizuri, na saa yake ilikuwa moja, mkononi. Alishuka kwenye treni Jumatatu jioni bila taarifa, akalala kwa Bi. Honor, na asubuhi alikaa mbele ya Malachy kwenye kifungua kinywa.

"Bwana Heneghan," alisema, "nimekuja kuona hiyo saa moja inakwenda wapi."

Malachy aliirudisha skonzi yake sahanini. Akamfikiria Sabina, ambaye kwa wakati huo alikuwa bado anamsugua Jenerali kwa brashi, bila wasiwasi, akijua ana muda tele. Hapakuwa na njia ya kumfikishia habari. Na hata ingemfikia, mtu wa Binroe kuharakishwa na saa ya serikali lingekuwa jambo la kuzungumzwa mpaka wajukuu.

Uwanjani walikuwepo mafahali kumi na mmoja wa bondeni na watu kama sitini, maana ukaguzi ulikuwa burudani ya bure. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Thady Mulroy, mtu wa maneno mengi, ambaye mdomo wake haukuwahi kupewa likizo.

"Bwana Mkaguzi, mtazame vizuri huyu wangu," alisema Thady. "Kafanana na marehemu babu yangu."

"Babu yako alikuwa na mgongo mzuri," alijibu Malachy, akipapasa.

"Mgongo sawa. Akili je?"

"Akili hatukagui, Thady. Tungekagua, wewe ungekuwa na kesi."

Watu wakacheka, Thady akacheka kuliko wote. Bwana Lombard hakucheka, aliandika. Malachy siku hiyo alifanya kazi polepole kuliko alivyowahi kufanya. Alipima kifua mara mbili. Alichonga penseli isiyohitaji kuchongwa. Alimtazama fahali mmoja machoni kwa muda mrefu mpaka fahali akaona aibu. Pamoja na yote hayo, ilipofika saa tano kasorobo kwa mfuko wa kulia, mafahali wote kumi na mmoja walikuwa wamekwisha.

"Basi tufunge," alisema Bwana Lombard.

"Kuna mmoja bado, bwana," alisema Malachy. "Wa Binroe."

"Tangazo linasema mpaka saa tano. Ikifika saa tano hajaja, hajaletwa."

"Kwa saa ya serikali, bwana."

"Kwani kuna nyingine?"

"Ipo ya Mungu, bwana mkubwa!" Thady alidakia kutoka pembeni. "Hiyo ndiyo ya zamani zaidi."

Kicheko kilizunguka uwanja mzima. Bwana Lombard aliweka saa yake mezani, kando ya daftari, ambapo kila mtu aliiona. Malachy alitazama barabara ya mlimani. Ilikuwa tupu. Baada ya dakika kumi na tano tu Jenerali atahukumiwa bila hata kutazamwa, na Sabina atafika akiwa na matope mpaka magotini akute meza imekunjwa. Yeye Malachy ndiye atakayemwambia.

Bi. Honor alikuwa amesimama mlangoni pake na taulo begani. Hakuhitaji kuelezwa. Alimwita Thady kwa kidole, wakanong'onezana, na Thady akarudi mbele ya meza, amevua kofia, uso umekuwa wa mtu anayekwenda kuungama.

"Bwana mkubwa, mimi ni raia, na nina malalamiko."

"Andika barua," alisema Bwana Lombard.

"Mwandiko wangu mbaya, bwana. Hata mimi mwenyewe sijausoma bado."

Bwana Lombard alimgeukia Malachy. "Kanuni inasemaje?"

Malachy aliijua kanuni ile kwa moyo. "Kanuni ya kumi na nne, bwana. Raia akilalamika kwa mdomo mbele ya afisa wa ngazi yako, husikilizwa palepale, na afisa haondoki mpaka amalize." Hakusema uongo. Alisema tu ukweli uliomfaa, na masikio yakamwaka moto, kwa sababu hata hilo hakulizoea.

Bwana Lombard, ambaye alikuwa mtu wa kanuni kuliko wa saa, alivuta pumzi akafungua ukurasa mpya. "Sema."

"Mbigili," alisema Thady. "Jirani yangu hazikati. Upepo ukivuma mbegu zote zinahamia kwangu. Mimi nalima mbigili za mtu mwingine bure!"

"Na huyo jirani ni nani?"

"Yule pale mwenye kofia ya kijivu. Shemeji yangu."

"Muongo!" alipiga kelele shemeji. "Mbigili zilitoka kwake! Zimekwenda kwangu kutembea tu!"

Walibishana kwa dakika ishirini nzima, kila mmoja akitaja mwaka na uelekeo wa upepo, na Bwana Lombard akiandika yote. Saa tano ya serikali ilipita pale mezani, na hakuna aliyeiaga.

Wa pili alikuwa Bi. Honor mwenyewe, amebeba jogoo kwapani.

"Huyu ni jogoo wenu," alimwambia Bwana Lombard. "Nilipewa na Idara kwa mpango wa kuboresha kuku. Nataka kujua kwa nini analala mpaka adhuhuri."

"Analala?"

"Kama karani. Kuku wangu wamekata tamaa. Mshike uone."

Bwana Lombard akajikuta ameshika jogoo wa serikali mikononi, na jogoo, kwa kweli, akafumba macho. Bi. Honor akaweka mbele yake sahani ya skonzi za moto zenye siagi, maana hakuna sheria inayokataza mlalamikaji kuwa mkarimu. Bwana Lombard akala moja. Akala ya pili.

Wa tatu alikuwa mzee mmoja na mbwa wake. Leseni ya mbwa, alieleza, iliandikwa miaka kumi iliyopita kwamba mbwa ni wa rangi ya kahawia. Sasa mbwa amezeeka, amekuwa wa kijivu. Je, huyu bado ni mbwa mwenye leseni, au ni mbwa mgeni anayeishi kwake kinyume cha sheria?

Bwana Lombard aliacha kuandika. Alimtazama mbwa, kisha foleni iliyokuwa nyuma ya mbwa. Ilikuwa imefika kwa mhunzi, na watu walikuwa bado wanaitana. Akageuka polepole akaitazama barabara ya mlimani.

"Bwana Heneghan. Huyo mwenye fahali anatoka mbali kiasi gani?"

"Maili saba, bwana."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Na kuna daraja moja ambalo mafahali hawalipendi."

"Na alitoka kwa saa ipi?"

Malachy alitoa saa ya mfuko wa kushoto akaiweka mezani kando ya ile ya bosi wake. Ilisema saa nne na nusu. Bwana Lombard alizitazama zote mbili, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea.

"Mama yangu," alisema taratibu, "alikuwa mtu wa magharibi ya Cork. Hakuwahi kusogeza saa yake hata siku moja. Alifariki Juni, saa kumi na mbili asubuhi kwa saa ya ukutani kwake. Cheti chake cha kifo kinasema saa moja. Serikali ilimwongezea saa nzima, bwana, aliyoikataa maisha yake yote."

Hata Thady alikaa kimya, jambo ambalo watu walilikumbuka baadaye.

Bwana Lombard akachukua skonzi ya tatu. "Kuhusu mbwa," alimwambia mzee, "leseni ni ya mbwa, si ya manyoya. Nenda kwa amani. Anayefuata!"

Na hapo kila mtu uwanjani alijua kwamba sasa mtu wa Dublin anasubiri kwa hiari yake. Malachy alihisi machozi yanakaribia, akajifanya anatafuta kifutio.

Walikuwa wamefika kwenye lalamiko la saba, la bomba la maji linalopiga mluzi, ndipo mtu akapiga kelele, "Haoo!"

Sabina Lavelle aliingia uwanjani akiwa na matope mpaka magotini na nywele zimefumuka, ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwepo Jenerali, amesuguliwa anang'aa.

"Habari zenu," alisema Sabina, akihema. "Mbona mmejipanga, kuna maziko?"

"Tunakungoja wewe, dada," alisema Thady. "Nimegombana na shemeji yangu kwa ajili yako."

"Hilo ungelifanya hata bila mimi." Akamgeukia Malachy, akatabasamu. "Bwana Mkaguzi, nimechelewa? Kagoma darajani mpaka nikamwimbia."

"Hujachelewa," alisema Malachy.

Kisha akamtazama Jenerali, na furaha yote ikamtoka.

Ilimchukua muda wa kuvuta pumzi mbili. Mgongo ulibonyea katikati. Kifua kilikuwa chembamba. Miguu ya nyuma ilikaribiana magotini, na fahali kama huyo huwapa ndama wake miguu hiyohiyo, na ndama wa ndama. Alizunguka mara moja. Alizunguka tena, akitumaini kwa upande mwingine atakuta fahali tofauti. Jenerali alimlamba mkono. Alikuwa mnyama mpole, safi, aliyependwa kwa kila unywele, na alikuwa fahali mbaya.

Watu sitini walisogea karibu. Walimpenda Sabina, na walikuwa wametumia asubuhi nzima na malalamiko yao yote mazuri kumfikisha hapa. Bwana Lombard alizunguka pia, akakohoa, akasema kwa sauti ya chini, "Hiki ni kituo chako, bwana. Utakaloandika, nitalitia sahihi." Naye alimaanisha. Alikuwa ameshiba skonzi na alikuwa amemkumbuka mama yake, na mlango ulikuwa wazi kabisa.

Nawaambieni, Malachy Heneghan hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka kuandika neno moja la uongo asubuhi ile. Aliona mlima usio na fahali. Aliona njia ya Binroe imefungwa kwake maisha yake yote, na kila yai la kuchemsha litakaloliwa bila yeye. Akachukua penseli. Akaandika: amekataliwa.

"Bi. Lavelle," alisema. "Samahani. Siwezi."

Mtu fulani nyuma alisonya. Sabina alimwekea Jenerali mkono shingoni, akamkuna nyuma ya pembe mahali anapopenda.

"Ni miguu?" aliuliza.

"Miguu. Na mgongo. Na kifua pia."

"Nilijua," alisema. "Tangu Krismasi najua. Nilikuwa namtazama nasema labda ni mimi, labda macho yangu. Ukimlea mtu kwa chupa humwoni vizuri." Akajifuta pua kwa kiganja. "Sikuja unidanganye, Bwana Heneghan. Nilikuja atazamwe na mtu anayejua kutazama, asitupwe tu kwa sababu ya saa. Umemtazama. Basi."

Kazi ilikuwa bado. Fahali aliyekataliwa lazima apigwe herufi sikioni siku hiyohiyo, na Malachy alikuwa amefanya hivyo kwa mafahali mia kadhaa bila kukosea. Alichukua koleo la chapa. Mara mbili alikosa kulilenga sikio, na Jenerali akarudi nyuma. Sabina alisogea akalishika sikio mwenyewe, akalinyoosha kwa vidole viwili, akaegemeza paji lake kwenye shavu la fahali.

"Bonyeza," alisema.

Malachy akabonyeza.

"Haya. Limekwisha." Sabina alimgeukia, na kumbe yeye ndiye aliyekuwa na macho makavu kati yao wawili. "Wewe bwana umekuwa mweupe kama unga. Bi. Honor! Mpe huyu chai kabla hajaanguka. Nipe na mimi, nimetembea maili saba na kuimba."

Walikaa meza moja kwenye chumba cha chai, na Bwana Lombard, aliyekuwa na akili, akaenda kukaa nje na jogoo. Malachy alimweleza Sabina kwamba Idara ina mpango wa kuwapa watu wa milimani fahali bora wa kutunza, na kwamba yeye ataiombea Binroe, na kwamba atapanda kumweleza aina zilizopo. Maelezo hayo yangetosha kwenye nusu karatasi. Malachy alipanda kuyatoa Jumapili iliyofuata, bila daftari, na ilibidi ayarudie kila Jumapili mpaka Juni, fahali mwekundu wa Idara alipofika, na hata hapo ilionekana yapo mambo hayajaeleweka vizuri. Jenerali alihasiwa akawa maksai mnene, mvivu, mwenye amani. Sabina hakumuuza. Jenerali alikuwa bado akiona mlango wazi anaingiza kichwa, na siku za Jumapili alimkuta Malachy kando ya moto, amekaa mahali pake.

Januari iliyofuata Malachy alikaa mezani Binroe akaandika barua kwenda Dublin. Ilikuwa fupi. Alimwomba Bwana Lombard amwondoe kwenye ukaguzi wa upande wa mlima, kwa kuwa kanuni inamkataza afisa kukagua mnyama wa jamaa yake, na kuanzia wiki ya kwanza ya Februari mwenye kutunza fahali wa Binroe atakuwa mke wake.

Sabina aliisoma mpaka chini, kama alivyosoma karatasi zote za serikali.

"Haijakamilika," alisema. "Andika kwamba ulimkataa Jenerali."

"Hilo alilishuhudia mwenyewe, Sabina."

"Na atakayeifungua siku nyingine? Karatasi inakaa, watu wanaondoka. Sitaki mtu wa Dublin adhani niliolewa kwa ajili ya leseni."

Malachy alichovya kalamu, akafikiri kidogo, akaongeza mstari mmoja chini ya sahihi yake: "Nathibitisha kwamba fahali wa mwisho wa mwanamke huyu nilimkataa mimi mwenyewe, na yeye ndiye aliyenishikia sikio."

Sabina aliusoma mstari ule mara mbili. Safari hii macho yake hayakuwa makavu.

"Sasa ipeleke," alisema.